Mastodon, Bluesky au Nostr: nani akuchagulie cha kusoma?

Mtu aliyezoea TikTok akifungua Mastodon kwa mara ya kwanza hudhani programu imeharibika. Anavuta skrini chini ijisasishe, hakuna kitu. Anaifunga, anaifungua tena, bado peupe. Hakuna video inayoanza yenyewe, hakuna kinachomkimbilia. Kesho yake ameifuta ili apate nafasi ya picha.

Nimeliona hilo kwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), kwa mpiga picha wa harusi wa Area C na kwa jamaa wanaolima zabibu Mpunguzi. Tangu X ilipofungwa nchini Mei 2025, swali la "tuhamie wapi" limekuwa likizunguka kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Dodoma, na majibu mengi huwa ni ya uhuru: mtandao usio na bosi mmoja, akaunti iliyo mali yako, hakuna bilionea wa kuamka asubuhi akabadili kila kitu. Sawa. Ila watu hawaondoki wiki ya kwanza kwa kukosa uhuru, wanaondoka kwa kukosa cha kusoma. Kwa hiyo nalinganisha jambo moja tu hapa: ukishaingia, nani anachagua kinachokuja mbele ya macho yako, na je, anamjua msomaji wa Kiswahili anayekaa katikati ya Tanzania?

Kwenye Facebook, Instagram na TikTok kampuni moja ndiyo inayohifadhi posti, ndiyo inayozipanga, na ndiyo inayochomeka matangazo katikati. Mashine yake inapima umekaa sekunde ngapi kwenye video ipi, kisha inakuletea zinazofanana nayo. Mitandao iliyogatuliwa imezitenganisha kazi hizo: anayehifadhi si lazima awe anayepanga. Ukiondoa maneno ya kitaalamu, tofauti kati ya Mastodon, Bluesky na Nostr ni kwamba kazi ya kupanga kapewa nani.

Mastodon: umepewa wewe

Mastodon ilianzishwa mwaka 2016 na mtengeneza programu wa Ujerumani, Eugen Rochko. Leo ni maelfu ya seva, yaani kompyuta zinazohifadhi akaunti na posti, zinazoendeshwa na watu binafsi, vyuo na vikundi vya kila aina, zinazozungumza kwa itifaki (lugha ya pamoja ya kompyuta) iitwayo ActivityPub, ambayo W3C, shirika la viwango vya wavuti, liliipitisha kuwa kiwango rasmi mwaka 2018. Unafungua akaunti kwenye seva moja na unaweza kumfuata mtu aliye kwenye seva nyingine.

Ukurasa wa mwanzo hauna ujanja wowote. Ni posti za wale unaowafuata, mpya juu, za zamani chini, basi. Ulichokilaiki jana hakibadilishi utakachokiona leo. Laiki inamfurahisha mwandishi, ila haikupangii ukurasa wako. Anayetaka posti iwafikie wengine anaisambaza, na ndivyo mambo mengi yanavyosafiri huko: mtu unayemwamini kasambaza cha mtu usiyemjua, umekipenda, umemfuata.

Kinachomwokoa mgeni ni alama za reli (hashtag). Tangu toleo la 4.0, mwishoni mwa 2022, unaweza kufuata alama yenyewe kama unavyomfuata mtu. Ukifuata #Tanzania, #Kiswahili na #Dodoma, kila posti yenye alama hizo inayoifikia seva yako itaingia kwenye ukurasa wako wa mwanzo hata kama aliyeiandika humjui. Ndiyo maana huwa nawaambia wanaoanza: wiki ya kwanza usihangaike kutafuta watu, fuata mada, watu utawakutia humo.

Tatizo limejificha kwenye maneno "inayoifikia seva yako". Seva ya Mastodon ni kama duka la kijijini: ina bidhaa zile tu ambazo kuna mteja wa hapo aliziagiza. Ikiwa hakuna mtu hata mmoja kwenye seva yenu anayemfuata mwandishi fulani wa Singida, posti zake kwa kawaida hazitafika hapo, na ukitafuta alama aliyoitumia utaambiwa hakuna matokeo. Siyo kwamba hazipo, seva yako haizijui. Ndiyo sababu watu wawili wanaweza kuketi meza moja pale Nyerere Square, wakatafuta neno lilelile, mmoja akapata ukurasa mzima na mwenzake asipate kitu. Wenye seva ndogo hulipunguza tatizo hili kwa kujiunga na relei, yaani kituo kinachozipelekea seva nyingi posti za wazi kwa pamoja. Kwa mtu anayeanza dawa ni rahisi zaidi: jiunge na seva kubwa kama mastodon.social, kisha ukishajua mitaa unaweza kuhama na wafuasi wako. Posti za zamani hazihami, hilo ulijue mapema.

Kuna jambo jingine linalowaumiza Watanzania wengi pasipo wao kujua. Utafutaji wa maneno ndani ya posti ulikuja rasmi na toleo la 4.2 mwaka 2023, lakini unagusa posti za wale tu waliokubali kutafutwa. Kwenye mipangilio, sehemu ya faragha, kuna kisanduku cha kuruhusu wasifu na posti zako zipendekezwe kwa wengine, na kingine cha kuruhusu posti zako za wazi zionekane kwenye utafutaji. Usipoviwekea tiki unaweza kuandika mwaka mzima kuhusu mizabibu na mtu wa Hombolo anayetafuta neno hilohilo asikuone kamwe. Huko kukubali ni hiari, na nadhani wamefanya vizuri. Lakini mtu anayeuza kitu au anayetaka kusomwa anatakiwa aende akatie tiki leo.

Sehemu ya "yanayovuma" ipo: posti, alama na habari zinazosambazwa sana. Haimpangii mtu binafsi, na msimamizi wa seva ana nafasi ya kuyakagua yanayotaka kuvuma kabla hayajaonyeshwa. Kwa kuwa Mastodon imejaa Wazungu, wakiwemo Wajerumani wengi, utakayoyakuta humo mara nyingi ni siasa za Ulaya na paka. Mimi huipita.

Ukikosa kabisa wa kukupangia, kuna programu ya Phanpy inayofunguka kwenye kivinjari. Ina sehemu inayokusanya posti za saa kadhaa zilizopita kutoka kwa unaowafuata, na unaweza kuzipanga kwa zilizosambazwa zaidi au zilizojibiwa zaidi. Upangaji unafanyika kwenye simu yako, hakuna kampuni inayorekodi kitu. Kwa mtu anayeshika simu jioni tu, baada ya daladala ya kutoka Mtumba, hiyo ndiyo njia nzuri kuliko zote za kusoma Mastodon.

Bluesky: wamepewa wengi, wewe unachagua yupi

Bluesky ilianza mwaka 2019 kama mradi ndani ya Twitter, ikajitenga ikawa kampuni, na Februari 2024 ikafungua mlango kwa kila mtu bila mwaliko. Ukiifungua inafanana sana na Twitter ya zamani. Posti moja ni herufi 300 dhidi ya 500 za kawaida za Mastodon. Yenyewe haikuachi na ukurasa mtupu: kuna mlisho (feed, yaani mfululizo wa posti zilizopangwa) wa kampuni uitwao Discover unaoanza kukupendekezea mara moja, na kwenye kila posti yake unaweza kubonyeza kuomba zaidi za namna hiyo au kuomba zipungue.

Lakini Discover siyo sababu ya kuandika makala. Sababu ni kwamba tangu 2023 mtu yeyote anaweza kutengeneza mlisho wake na kuwapa wengine. Bluesky inatoa mkondo wa posti zote za wazi za mtandao mzima. Kompyuta ya mwenye mlisho inausikiliza mkondo huo, inachuja kwa kanuni alizoziweka yeye, na wewe ukifungua mlisho wake inarudisha orodha ya anwani za posti tu. Maneno na picha zenyewe Bluesky ndiyo inayozijaza. Kwa hiyo anayetengeneza mlisho hahitaji seva kubwa ya kuhifadhi kitu. Kuna huduma kama SkyFeed na Graze zinazokuwezesha kuutengeneza bila kuandika hata mstari mmoja wa msimbo wa programu.

Milisho ni ya aina nyingi. Kuna inayochuja maneno, inayoonyesha posti za kundi fulani la watu tu, na inayokuletea walivyopenda watu waliopenda ulivyovipenda wewe. Hii ya mwisho ndiyo iliyo karibu zaidi na TikTok, na inawezekana kwa sababu laiki za Bluesky ziko wazi kwa kila mtu. Tulia kidogo hapo. Kila unachokilaiki, jirani anaweza kukiona, bosi anaweza kukiona, na kompyuta ya mtu usiyemjua inaweza kukikusanya. Wanaokuzuia na unaowazuia nao wako wazi. Isitoshe, ukifungua mlisho wa mtu, seva yake inaweza kujua kuwa ni wewe uliyeufungua, maana bila hivyo isingeweza kukupangia kwa ladha yako. Mwenye mlisho mwingine ni mwanafunzi mwenye nia njema, mwingine ni mtu anayekusanya tu.

Halafu kuna vifurushi vya kuanzia, vilivyokuja Juni 2024. Mtu anakusanya akaunti zisizozidi 150 pamoja na milisho michache, anatoa kiungo kimoja, anayejiunga kwa kiungo hicho anawafuata wote kwa kubonyeza mara moja. Kwa kundi linalotaka kuhama pamoja, iwe darasa, kwaya au chama cha ushirika, sijaona kitu rahisi kuliko hiki kwenye mitandao yote mitatu.

Udhaifu wake? Mlisho ukitelekezwa na mwenyewe unakufa, na siku hiyo utakuta posti zimesimama tarehe fulani bila taarifa. Pia sehemu kubwa ya watumiaji na mitambo bado iko mikononi mwa kampuni moja ya Marekani, kwa hiyo neno "uliogatuliwa" kwa Bluesky nalisema kwa sauti ya chini. Itifaki yake, AT Protocol, inaruhusu wengine waendeshe kila kipande, na wapo wanaofanya hivyo, ila ni wachache.

Kiswahili kinapoingia

Hapa ndipo linganisho lolote lililoandikwa Ulaya au Marekani linapoacha kutufaa.

Mapendekezo ya "waliopenda ulichopenda" yanahitaji watu wengi wanaopenda vitu vya aina moja. Kiingereza wanao. Kiswahili kwenye mitandao hii bado tuko wachache, kwa hiyo mashine inakosa cha kulinganisha. Unalaiki posti moja ya Kiingereza kuhusu Arsenal, na ndani ya muda mfupi ukurasa wote ni London. Posti mbili za Kiswahili ulizozipenda hazina ndugu wa kuzivuta. Siyo njama dhidi yetu, ni hesabu tu.

Kinachotusaidia zaidi ni vichujio vya maneno na alama, na vyenyewe vina mitego yake. Chukua mtu anayetaka mlisho wa kilimo, akaweka neno "lima" ili likamate analima, walilima, tutalima. Litakamata kweli, pamoja na mlima, Kilimanjaro na mji mkuu wa Peru. Akitaka bei za mazao akaweka "bei", atafurikiwa na Kijerumani, maana kwao "bei" ni neno dogo la kila sentensi. Anayetaka mlisho wa mkoa wetu ataorodhesha wilaya: Chamwino, Kongwa, Mpwapwa, Kondoa, Chemba, Bahi. Hiyo Bahi, kama kichujio kinakamata hata vipande vya maneno, itamletea matangazo ya kubashiri ya Kituruki, kwa sababu Waturuki huita kubashiri "bahis". Njia ni kudai neno zima badala ya kipande, kuongeza sharti la lugha, na kuchagua majina yasiyo na pacha ng'ambo. Zabibu, alizeti, Kibaigwa, Makutupora na Hombolo zinafanya kazi vizuri zikisimama peke yake.

Na hilo sharti la lugha lina mkasa wake. Kila posti ya Bluesky na ya Mastodon hubeba lebo ya lugha, na lebo hiyo anaiweka mwandishi, au simu inamwekea. Simu nyingi hapa kwetu zimewekwa Kiingereza tangu dukani. Mtu anaandika "Mvua imeanza Kongwa, wenye alizeti mpo?" na posti inatoka na lebo ya Kiingereza. Mlisho unaochuja Kiswahili hauioni. Msomaji aliyechagua kuona Kiswahili tu haioni. Imeandikwa, ipo, na imepotea. Kwenye Bluesky angalia chini ya kisanduku cha kuandikia, kuna jina la lugha. Libonyeze uchague Kiswahili, na itakumbuka. Kwenye Mastodon kuna kitufe kama hicho unapoandika, na kwenye mipangilio unaweza kuweka Kiswahili kiwe lugha yako ya kawaida. Kazi ya nusu dakika. Kama kila Mtanzania aliyeko huko angeifanya, tungepata zaidi ya kile ambacho algoriti yoyote mpya inaweza kutuletea.

Kwa upande wa Kiswahili, basi, naipa Bluesky ushindi, lakini kwa sharti: lazima awepo mtu wa kuutengeneza huo mlisho na kuutunza. Mastodon haihitaji mtunzaji, inahitaji watu waelewane alama. Tukikubaliana wote tuandike #BeiYaZabibu, na siyo huyu #zabibuprice yule #DodomaGrapes, mlisho umejitengeneza wenyewe. Wanaowahi kuelewana ni wachache, najua.

Nostr: hajapewa mtu

Nostr ilianza mwaka 2020, imetungwa na mtu anayejulikana kwa jina la fiatjaf. Haina akaunti kwa maana tuliyoizoea. Una jozi ya funguo: mmoja wa wazi unaoanza na npub, ndio jina lako, na mmoja wa siri unaoanza na nsec, ndio saini yako. Ukiupoteza wa siri umepoteza kila kitu, hakuna ofisi ya kwenda kulia, hakuna "nimesahau nywila". Ukiibiwa, mwizi anaandika kwa jina lako kana kwamba ni wewe.

Posti zinatumwa kwenye relei kadhaa ulizozichagua (huku relei ni seva inayopokea posti na kuwapa wanaoziomba), na unazisoma kutoka relei kadhaa. Kwa hiyo unachokiona kinategemea relei zako na programu yako. Damus ya iPhone, Amethyst ya Android na Primal zinaweza kukuonyesha mambo tofauti kwa ufunguo uleule. Mapendekezo mengi yanajengwa juu ya mtandao wa imani: unamfuata fulani, fulani anawafuata hawa, basi hawa wanasogezwa kwako na wasiojulikana wanasukumwa nje pamoja na matapeli. Kuna pia mashine za kukodi, zenye jina la DVM, ambazo unazipa ombi nazo zinakurudishia orodha ya posti. Primal inakuruhusu kuchagua milisho ya namna hiyo kama unavyochagua stesheni.

Kiufundi ni mtandao wa kuvutia kuliko yote mitatu. Kwa mtu wa Dodoma anayetafuta cha kusoma kwa Kiswahili, ni jangwa. Mtandao wa imani unaoanza bila Mswahili hata mmoja unakupeleka kwa Wamarekani wanaozungumzia Bitcoin, nao wanakupeleka kwa wenzao. Kuna na utaratibu wa kutuziana vijisenti vya Bitcoin kwenye posti, ambao programu nyingine huutumia kupima posti ipi ni nzuri. Kwetu kipimo hicho hakisemi kitu, na Benki Kuu ilishatoa tahadhari mwaka 2019 kwamba sarafu za namna hiyo si fedha halali nchini. Ongeza kwamba programu inayozungumza na relei nyingi kwa pamoja inakula bando. Primal ni nafuu kidogo kwa kuwa inapitia seva yake ya kati, ingawa hapo umerudi kumtegemea mtu mmoja.

Nostr ni ya mtu ambaye jambo la kwanza kwake ni kutozimwa, na la pili ni kusoma. Hata huyo akumbuke kuwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 haiulizi umeandikia programu gani.

Kuna na Lemmy, ambayo nitaisema kwa ufupi. Ni majukwaa ya mada yaliyo kwenye ActivityPub kama Mastodon, ila posti zinapanda na kushuka kwa kura za wasomaji. Unaweza kuchagua upangaji: zenye maoni mapya, zinazopanda sasa hivi, au zilizopata kura nyingi wiki nzima. Hakuna anayekujua binafsi, na hilo ni jema kwake. Kwa maswali ya Linux na uandishi wa programu inafaa mno.

Nani aende wapi

Mkulima wa zabibu. Nianze na ukweli mchungu: hakuna hata mmoja kati ya hii mitandao utakaomwambia bei ya leo Hombolo, hiyo iko WhatsApp na itabaki huko. Lakini zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, na kati ya mavuno kuna muda mrefu wa kuhangaika na ugonjwa wa ubwiriunga, maji na matawi ya kupogolea. Kwa hayo Bluesky inafaa, kwa sababu mlisho wa kilimo cha mizabibu wa mtu wa Afrika Kusini au India unaweza kuubandika kando ya mlisho wa Kiswahili na kubadilisha kwa kidole. Azime video zijianzishe zenyewe kwenye mipangilio, bando litamshukuru.

Mwanafunzi wa kompyuta wa UDOM au wa Chuo cha Mipango ningempeleka Mastodon bila kusita. Watengenezaji wa programu huria na watafiti wengi wako huko, wanajibu maswali, na wanatumia alama za reli kwa nidhamu. Kufuata alama tano sahihi kunampa usomaji kuliko Discover.

Mpiga picha? Wateja wake wa harusi wako Instagram, asijidanganye. Pixelfed, yenye umbo la Instagram na itifaki ya Mastodon, ni mahali pazuri pa kuhifadhi kazi na kuonwa na wapiga picha wenzake, kwani hata aliyeko Mastodon anaweza kumfuata. Kazi ya kulipa kodi ya studio haitatoka hapo kwa sasa.

Taasisi ni suala tofauti. Serikali za Ujerumani na Uholanzi zina seva zao za Mastodon, na faida yake kwa msomaji ni kwamba jina la seva ndilo linalothibitisha kuwa akaunti ni ya ofisi kweli. Tena kila seva ina ukurasa wa ndani unaoonyesha posti zote za wanachama wake. Nikipita Mji wa Serikali pale Mtumba huwa nawaza ingekuwaje wizara zote zikae kwenye seva moja: anayetaka matangazo ya serikali anafungua ukurasa mmoja, yamepangwa kwa saa, bila mashine ya kampuni kuamua lipi lionekane. Vyuo navyo hivyohivyo.

Anayeshindwa kuchagua anaweza kusimama upande mmoja na kusomwa pande zote mbili. Bridgy Fed ni daraja kati ya Mastodon na Bluesky: aliyeko Bluesky anaifuata akaunti @ap.brid.gy, na baada ya muda mfupi posti zake mpya zinaonekana upande wa Mastodon, watu wa huko wanaweza kumfuata na kumjibu. Aliyeko Mastodon anafanya hivyohivyo kwa kufuata @bsky.brid.gy@bsky.brid.gy. Milisho maalumu haivuki na vifurushi vya kuanzia havivuki, na mtu ambaye hajaliwasha daraja kwenye akaunti yake humwoni ng'ambo hata umtafute vipi. Mimi ningefungua akaunti Bluesky, ningewasha daraja, kisha ningeiweka Phanpy kwenye kivinjari kwa ajili ya akaunti ndogo ya Mastodon inayofuata alama tu, bila mtu hata mmoja.